Kebo za siriali na plagi za kupimia: namna ya kuziunga mwenyewe bila kubahatisha

Ukiingia kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere au Vingunguti, Dar es Salaam, nyuma ya mizani, printa za risiti na paneli za jenereta utakuta lile tundu la pini tisa bado lipo. Hata ruta na swichi za maofisi ya Posta, ukitaka kuzipangilia kuanzia mwanzo, nyingi zinakudai kebo ya siriali, yaani inayopitisha data biti moja baada ya nyingine. Laptopu za leo hazina tundu hilo tena, kwa hiyo kati yake na mashine huingia adapta ya USB, kebo, na mara nyingi fundi anayebahatisha.

Kubahatisha ndiko kunakokula muda na hela. Mtu ananunua kebo Kariakoo, inagoma, ananunua nyingine, inagoma, mwisho mashine inatangazwa imekufa. Hapa tutaanza upande wa pili: kupima umeme kwenye pini kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu, kutengeneza plagi ndogo za kupimia, halafu ndiyo kuunga kebo ukijua kila waya unakwenda wapi.

Pini tisa na kazi zake

Kiwango cha RS-232, ndicho kanuni ya tundu hili, kilitoka Marekani mwaka 1960. Wakati huo na miaka mingi baadaye tundu lilikuwa la pini 25. Hili la pini tisa liliingia na kompyuta ya IBM PC/AT mwaka 1984. Ukilitazama kwa upande wa kompyuta, pini zimepangwa hivi:

1 – DCD, inaingia: mawimbi ya upande wa pili yamepatikana
2 – RXD, inaingia: data inayopokelewa
3 – TXD, inatoka: data inayotumwa
4 – DTR, inatoka: "mimi nipo tayari"
5 – GND, ethi ya mawimbi
6 – DSR, inaingia: "na mimi nipo tayari"
7 – RTS, inatoka: "naomba kutuma"
8 – CTS, inaingia: "haya, tuma"
9 – RI, inaingia: mlio wa simu, enzi za modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu)

Kazi yenyewe inabebwa na 2, 3 na 5. Nyingine ni za kupeana ishara, na vifaa vingi havizitumii kabisa. Shida ni kwamba vinavyozitumia haviongei mpaka vizione.

Kompyuta inatuma kwa pini 3 na kupokea kwa pini 2. Kifaa kilichoundwa kwa mfano wa modemu kinafanya kinyume: kinatuma kwa 2 na kupokea kwa 3. Vitabu vya maelekezo huita upande wa kompyuta DTE na wa modemu DCE. Kompyuta na kifaa cha mfano wa modemu huunganishwa kwa kebo nyoofu, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Vikikutana viwili vinavyotuma kwa pini ileile, unahitaji krosi, yaani 2 inakwenda 3 na 3 inakuja 2. Umbo la plagi halikuambii lolote. Kuna mizani yenye plagi dume inayotuma kwa 3 na nyingine yenye dume hilohilo inayotuma kwa 2.

Jambo la kuangalia sana ni upande unaotazama. Plagi dume, ukiikabili usoni safu ndefu ikiwa juu, pini 1 iko kushoto. Jike ukilikabili hivyohivyo, 1 iko kulia. Ukigeuza plagi ili ulehemu kwa nyuma, kila kitu kinapinduka tena. Usikariri, washa tochi ya simu utazame kwenye plastiki kando ya kila kikombe cha kulehemia. Namba zimechongwa pale, ndogo sana, lakini zipo.

Pima kwanza, kebo baadaye

Kwenye RS-232 moja na sifuri haviko kama kwenye saketi za kawaida. Moja ni volti hasi, kati ya -3 na -15, na sifuri ni volti chanya, kati ya +3 na +15. Waya wa kutuma usipokuwa na cha kutuma unakaa kwenye moja, yaani umetulia kwenye volti hasi. Hapo ndipo mita inapokusaidia, kwa sababu pini inayotuma inajitambulisha yenyewe.

Washa kifaa, usikiunge na chochote. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi kwenye pini 5, nyekundu kwenye pini 3, soma. Kisha nyekundu kwenye pini 2, soma.

Ukipata kati ya -5 na -12 kwenye pini 3 na karibu sifuri kwenye pini 2, kifaa kinatuma kwa 3 kama kompyuta, na kebo yako ni krosi. Ukipata hasi kwenye pini 2 na karibu sifuri kwenye 3, kebo ni nyoofu. Dakika moja tu, na ubishi wote umeisha. Adapta za USB nyingi hutoa volti 5 au 6 hasi badala ya 12. Hilo halina tatizo.

Vipimo vingine vya kukushtua ni hivi. Ukipata *chanya* 3.3 au 5 kwenye pini ya kutuma iliyotulia, hiyo si RS-232, ni ile TTL ya bodi ndogo za elektroniki. Ukiipelekea volti hasi 12 ya kompyuta utaiunguza. Weka katikati bodi yenye chipu ya MAX3232, inayobadilisha volti hizo. Ukipata sifuri kote, huenda kifaa kimezimwa, huenda ethi iko pini nyingine, au tundu ni la RS-485, ambayo hutumia waya A na B na inataka adapta yake. Na ukikuta volti 5 au 12 iliyonyooka kwenye pini 9, elewa kwamba baadhi ya kompyuta za kaunta za maduka hupitisha umeme pale ili kuendesha skana. Pini hiyo usiiunge na kitu.

Tahadhari moja zaidi: UPS (betri za akiba) za APC za aina ya Smart-UPS, nyingi zina tundu la pini tisa lenye mpangilio wake wa kipekee. Ukichomeka kebo ya kawaida, UPS inaweza kuzima papo hapo pamoja na seva zote zilizo juu yake. Tumia kebo yake yenyewe.

Vifaa

Kariakoo utapata vyote, hasa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki kuzunguka Msimbazi: plagi za kulehemia za pini tisa, dume na jike, na maganda yake, pasi ya wati 30 hadi 40, lehemu nyembamba yenye fluksi ndani, mpira wa kusinyaa kwa moto, multimita yenye mlio. Kama una uwezo nunua pia plagi ya skrubu, ile ambayo waya unabanwa kwa bisibisi. Kwa kujaribu mpangilio kabla ya kulehemu haina mpinzani.

Adapta ya USB usiangalie bei tu. Zenye chipu bandia za PL2303 hukubali kuchomeka, halafu kwenye Device Manager ya Windows zinaonyesha alama ya njano na maandishi Code 10. Omba muuzaji uijaribu palepale dukani na laptopu yako. Anayekataa, nenda duka la pili.

Plagi ya kurudisha sauti

Ya kwanza kutengeneza ndiyo hii, na ndiyo nitakayoitumia kila mahali chini. Chukua plagi jike, ya kuingia kwenye dume la adapta. Unganisha kwa viwaya vifupi: 2 na 3. Kisha 7 na 8. Kisha 4, 6 na 1 kwa pamoja. Vaa ganda, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika. Tengeneza na nyingine ya dume, utaihitaji kwenye mwisho wa kebo.

Kinachotokea ni rahisi: kila kinachotoka pini 3 kinaingia pini 2 palepale. Ukiandika herufi, inarudi kwenye skrini yako.

Namna ya kuitumia: chomeka adapta, chomeka plagi. Kwenye Windows tazama Device Manager imepewa COM (jina la tundu la siriali) namba ngapi. Fungua PuTTY, programu ya kuongea na mashine kwa maandishi, chagua Serial, andika COM hiyo na kasi 9600 (biti kwa sekunde). Kabla ya kufungua, ingia Terminal, pale palipoandikwa Local echo chagua Force off, la sivyo programu itajionyesha herufi zake yenyewe na utadhani plagi ndiyo imerudisha. Andika "habari". Ikitokea, chomoa plagi uandike tena. Isipotokea mara ya pili, adapta ni nzima na kipimo chako ni cha kweli. Ikiendelea kutokea bila plagi, echo bado iko wazi.

Kwenye Linux adapta kwa kawaida hujitokeza kama /dev/ttyUSB0. Ukikataliwa ruhusa kwenye Ubuntu au Debian, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kwenye akaunti uingie tena, kisha fungua minicom au picocom, programu za kazi hiyohiyo.

Sasa hamisha kipimo hatua kwa hatua. Adapta peke yake imerudisha? Unga kebo, weka plagi mwisho wa kebo. Imerudisha? Na ukichomoa plagi inanyamaza? Basi kuanzia laptopu hadi ncha ya kebo nyaya za data ni nzima, na ukimya unaobaki uko kwenye mpangilio au kwenye mashine. Hapo ndipo unapoweza kumjibu yule bosi anayepiga simu, "Fundi, mizani inasoma kilo vizuri lakini kompyuta haioni kitu," bila kumwambia anunue mizani mpya.

Plagi hii ina mambo mawili isiyoyajua. Haipimi kasi, maana anayetuma na anayepokea ni yuleyule, hivyo hata ukiweka kasi ya ajabu herufi zitarudi sahihi. Pia haitofautishi kebo nyoofu na krosi, kwa kuwa zote mbili zitarudisha. Kwa hilo tumia mlio wa mita, pini kwa pini.

Plagi ya taa

Hii ni ya starehe kidogo, ila ukishaizoea huiachi. Tafuta LED ya rangi mbili yenye miguu miwili, nyekundu na kijani. Iunge pamoja na rezista ya 2.2k, ile yenye mistari mitatu myekundu ikifuatwa na wa dhahabu, kati ya pini ya kutuma na pini 5. Igeuze mpaka iwake kijani pale mstari unapotulia. Kijani tulivu maana yake volti hasi ipo na kuna mtumaji mzima upande ule. Data ikipita, nyekundu inapepesa. Giza maana yake hakuna anayeendesha waya huo. Ukiweka LED mbili, moja ya pini 2 na nyingine ya pini 3, utaona nani anaongea na nani amenyamaza bila hata kufungua laptopu.

Kuunga kebo yenyewe

Kebo nyoofu ni 2-2, 3-3, 5-5, na ukitaka kamili unaunga zote tisa. Krosi fupi ni 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, 5 kwa 5. Kama programu inasubiri ishara za utayari, kwenye kila ncha unganisha 7 na 8 pamoja, na 4, 6, 1 pamoja. Kwa kufanya hivyo unaidanganya kompyuta kwamba upande wa pili yuko tayari wakati wote.

Kwa mizani inayotuma mstari mfupi wa uzito, uongo huo hauna madhara. Kwa printa ya risiti una madhara makubwa: kumbukumbu yake ikijaa inashusha ishara ili kompyuta isubiri, lakini kompyuta inaona "tayari" ya uongo na kuendelea kumwaga data. Risiti fupi zinatoka vizuri, ndefu zinakatika katikati. Printa nyingi za risiti hutumia DTR na DSR kwa kazi hii. Krosi yake iwe kamili: 4 ya huku kwenda 6 ya kule, 6 ya huku kwenda 4 ya kule, na vivyo hivyo 7 kwenda 8 na 8 kwenda 7. Pini 1 iunganishe na 6 ya upande wake.

Waya mzuri unaopatikana kila mahali ni kebo ya mtandao ya Cat5. Ina jozi nne zilizosokotwa, na watu wengi wanaharibu hapa: wanaweka kutuma na kupokea kwenye jozi moja. Nyaya hizo mbili zinaambukizana kelele njia nzima. Weka kutuma kwenye waya wa chungwa na mwenzake mweupe-chungwa uwe ethi. Kupokea kwenye wa kijani na mweupe-kijani uwe ethi. Weupe wote wawili wanakutana pini 5. Buluu na kahawia zinabaki kwa ajili ya ishara.

Kulehemu kwenyewe kuna mpangilio wake. Pitisha kwanza ganda na vipande vya mpira wa kusinyaa kwenye kebo. Vikisahaulika utafumua kazi yote. Menya kila waya milimita nne au tano, sokota nyuzi kama ni za nyuzi nyingi, zipake lehemu. Chomeka plagi unayolehemu kwenye plagi nyingine mbovu ya jinsia tofauti, maana plastiki ikipata joto inalainika na pini zinaweza kuinama. Zikiwa zimeshikwa na mwenzake hazisogei. Jaza lehemu nusu ya kikombe. Kisha gusa kikombe kwa pasi, lehemu ikiyeyuka ingiza waya, toa pasi, usitikise mpaka ipoe. Lehemu nzuri inang'aa. Iliyofifia na kufanya donge ni baridi, irudie. Sogeza mpira, upashe joto, bana kebo na kishikio cha ganda ili mvuto usifike kwenye lehemu.

Kabla ya kufunga ganda, mlio wa mita: kila pini na mwenzake ipige kelele, na kila pini na jirani yake inyamaze. Kipimo cha jirani ndicho watu wanachoruka, na tone moja la lehemu kati ya 2 na 3 linageuza kebo nzima kuwa plagi ya kurudisha sauti. Utaandika, herufi zitarudi, na utafurahi bure.

Kebo ya ruta

Ruta na swichi za Cisco na nyingine nyingi zina tundu la RJ45 (umbo la kebo ya mtandao) lililoandikwa Console. Usichomeke kebo ya mtandao pale ukategemea majibu. Ukitengeneza yako, RJ45 upande mmoja na jike la pini tisa upande wa pili, fuata hivi: RJ45 namba 3 kwenda pini 2, namba 6 kwenda pini 3, namba 4 na 5 zote kwenda pini 5. Ishara: 1 kwenda 8, 8 kwenda 7, 2 kwenda 6, 7 kwenda 4. Kasi ya kuanzia kwa Cisco ni 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti moja ya kukomea, na Flow control (kusubiriana kwa ishara) iwe None.

Ukikutana na plagi ya zamani ya pini 25, kumbuka kwamba namba zinabadilika: upande wa kompyuta 2 ndiyo inayotuma, 3 inapokea, na ethi ni 7. Waliozoea pini tisa huunga ethi kwenye 5, wakahangaika siku nzima.

Urefu, ethi na hali ya hewa yetu

Kanuni ya zamani ilikuwa mita 15. Kiukweli kinachopimwa ni uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, usizidi pikofaradi 2,500, na kwa Cat5 nzuri hilo linakufikisha mita 45 hivi kwa kasi ndogo. Zaidi ya hapo badili uende RS-485, ambayo kwa kasi ndogo inafika mita 1,200.

Hatari kubwa kuliko urefu ni kuunganisha majengo mawili. Mizani ya magari iko getini, kompyuta iko ofisini, kila moja na ethi yake. Kabla ya kuchomeka, weka mita kati ya pini 5 ya kebo na pini 5 ya kifaa, pima AC kisha DC. Ukikuta volti kadhaa, usichomeke. Weka kitenganishi cha mwanga katikati, kinachopitisha data kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana. Laptopu yenye chaja ya pini mbili nayo ina tabia ya kuvujisha umeme mdogo kwenye bodi yake, ule unaotekenya vidole. Wakati wa kuunga itoe kwenye chaja.

Kigamboni na maeneo ya bandari, chumvi ya hewa inazifanya pini ziote ukijani. Nunua zenye dhahabu juu ya mguso na uzisafishe kwa dawa ya kusafishia migusano. Kwenye magodauni ya nafaka adui ni panya: kebo ipite ndani ya bomba hadi mwisho, hata ile nusu mita ya mwisho nyuma ya meza.

Inapogoma

Herufi za ajabu zikitokea, mara nyingi kebo yako ni nzima; kilichokosewa ni kasi au pariti. Mizani nyingine hutumia biti 7 na pariti shufwa, au kasi ya 2400 na 4800. Tafuta kwenye menyu ya mizani, usibahatishe kwa laptopu.

Kimya kabisa, ingawa plagi ya kurudisha imepita hadi mwisho wa kebo: rudia kipimo cha volti kwenye kifaa uone umechagua nyoofu au krosi sahihi. Kisha hakikisha Flow control haiko kwenye ishara ambazo hukuziunga, maana kompyuta itasubiri CTS mpaka kesho. Kisha bonyeza PRINT kwenye mizani. Nyingi hazitumi kitu mpaka zibonyezwe au ziulizwe, na hutoa uzito mfululizo pale tu menyu inapowekwa hivyo.

Upande mmoja unasikika na mwingine hausikiki: waya mmoja kati ya 2 na 3 umekatika, au lehemu yake ni baridi. Tikisa kebo karibu na ganda huku mita ikilia.

Ukimaliza, funga karatasi ndogo kwenye kila ncha, uigandishe kwa tepu angavu: nyoofu au krosi, kasi, biti, pariti, na jina la kifaa. Plagi moja ya kurudisha sauti ifunge kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mizani, na umwonyeshe karani jinsi ya kuichomeka. Siku akipiga simu, muulize kwanza kama herufi zimerudi.